Boti ya mtumba kutoka Uholanzi ina maji ya waridi ndani ya mabomba: naomba ushauri kabla sijaanza kubeba abiria

Nakiwogo_Abiria
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Ndugu zangu wa ziwani, nawasalimu nyote. Baada ya miaka sita ya kubeba abiria kwa boti ya mbao kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, nimenunua boti ya fibaglasi ya mtumba yenye urefu wa mita 9, iliyotoka Uholanzi, ikashushwa Mombasa na kuletwa kwa lori kupitia Malaba. Ina jiko dogo, choo, shawa ya ndani na nyingine ya nje upande wa tezi, tangi la maji safi la lita 120, pampu ya umeme na hita ya lita 22. Jana nilipofungua koki ya jikoni kwa mara ya kwanza, yalitoka maji ya rangi ya waridi iliyokolea, yenye utelezi kidogo vidoleni, na kijana wangu wa kazi alikuwa tayari amekinga kikombe kwa sababu alidhani ni sharubati iliyosahaulika humo. Nilimpokonya kabla hajanywa.

Aliyeniuzia ananijibu kwa ufupi tu kwamba boti iliandaliwa kwa ajili ya majira ya baridi kabla ya kusafirishwa. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta, ambako hata usiku wa mvua kubwa koti moja linatosha, hatukurithi elimu hiyo kutoka kwa wazee wetu. Je, maji haya ni sumu? Je, inatosha kuyamwaga na kujaza mengine? Fundi umeme anakuja Jumatano kuwasha hita na taa, na ningependa kujua kabla ya siku hiyo.

Fundi_Masese
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Dada, umefanya vyema kumpokonya kijana kikombe, na jambo la pili ninalokuomba ni kumwambia fundi umeme asiiguse hita Jumatano. Boti inapoandaliwa kwa baridi, hita humwagwa maji yote, na mara nyingi hurukwa kabisa: mpira unaoingiza maji baridi huunganishwa moja kwa moja na mpira unaotoa maji moto, ili dawa ya waridi, ile inayozuia mabomba yasigande, isipotee kwa kujaza lita 22 bure. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba hita yako ni tupu. Elementi ya umeme ikiwashwa bila kuzamishwa ndani ya maji huungua kwa muda mfupi sana.

Nilifanya kazi majira tisa ya baridi katika karakana ya boti kusini mwa Uingereza kabla ya kurudi Jinja, na kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba hii ndiyo iliyokuwa kazi yetu kuu. Maji yana tabia ambayo vimiminika vingi havina. Yanapopoa hujikunja mpaka kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kisha huanza kutanuka, na yanapoganda kwenye nyuzi 0 ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9. Lita 22 zilizofungiwa ndani ya hita yako zikigeuka barafu zinataka nafasi ya karibu lita 24, na nafasi hiyo haipo.

Watu wengi hudhani kwamba bomba hupasuka pale penye barafu, lakini mara nyingi sivyo. Barafu huziba bomba kama gunzi la muhindi lililozibia mdomo wa dumu, kisha kadiri inavyokua huyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, na maji hayo, ambayo hayakubali kubanwa, ndiyo yanayopasua sehemu iliyo dhaifu, pengine mita moja au mbili kutoka kwenye barafu yenyewe. Ndiyo maana mabomba ya plastiki laini ya siku hizi huvumilia kwa kutanuka kidogo, ilhali viungio vyake vigumu, kichwa cha pampu, kopo la kichujio na koki ya shawa ya kuchanganyia maji moto na baridi huonekana vizima kwa nje huku ndani vina ufa mwembamba kama unywele.

Kwa hiyo mwenye boti wa nchi za baridi huzima pampu na hita, humwaga tangi mpaka tone la mwisho, hufungua hita chini, kisha hupitisha dawa ya waridi kwa pampu hiyo hiyo ya boti, koki moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo mbali, upande wa baridi na upande wa moto, mpaka rangi itoke imekolea bila kupauka. Dawa hiyo huwa ni propilini glaikoli iliyochanganywa na maji. Boti kama yako ingetumia lita 10 hadi 15. Wengine hupuliza maji yatoke kwa kompresa ya hewa, nayo ni njia halali mradi presha isizidi baa 2 au zaidi kidogo tu, lakini mimi sikuwahi kuiamini peke yake, kwa sababu maji hujificha kwenye mikunjo ya chini na kwenye pampu.

Mpagazi_wa_Rwenzori
Jumanne, saa 12:25 asubuhi

Naomba kuchangia kutoka Kasese, ingawa boti si kazi yangu. Wapo wanaodhani kwamba Uganda haijui barafu, lakini sisi tunaopandisha wageni mlimani tunalala kwenye kambi zilizo juu ya mita 4,500, na huko dumu la maji likiachwa nje limejaa mpaka mdomoni, asubuhi utalikuta kitako kimevimba na pengine limepasuka ubavuni. Kwa sababu hiyo tunawafundisha vijana wapya kujaza robo tatu tu na kuacha pumzi juu. Swali langu kwa Fundi ni hili: kwa nini watu wa boti wasifanye hivyo hivyo, yaani kupunguza maji badala ya kununua dawa?

Fundi_Masese
Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Swali lako ni zuri, na kwa upande wa tangi jibu ni kwamba unasema kweli, kwa maana tangi lenye nafasi ya kutosha juu hupasuka kwa nadra. Bomba si dumu, hata hivyo. Ukipunguza maji kwenye mfumo wa mabomba, yanayobaki hayajigawi sawasawa, bali hukimbilia kila mkunjo wa chini na kulijaza bomba mahali hapo kwa ukamilifu, na mkunjo mmoja uliojaa unatosha kuharibu. Ndani ya pampu ya presha mna vivalvu vidogo vinavyozuia maji yasirudi nyuma, na kila kimoja hushikilia kijiko cha maji ambacho hakuna namna ya kukiona kutoka nje.

Nitasimulia kosa langu, kwa sababu linamhusu dada. Katika mwaka wangu wa pili nilipitisha dawa kwenye kila koki ya boti moja kubwa, nikaridhika, nikafunga mlango, na nikasahau shawa ndogo ya nje iliyo nyuma, ile ya kuogea baada ya kuogelea, ambayo hukaa ndani ya kisanduku chenye mfuniko. Majira ya joto yalipofika, mwenye boti aliwasha pampu, akaenda mjini kununua chakula, na aliporudi tangi zima lilikuwa limemwagika nyuma ya mbao za kitanda kupitia kiungio kilichopasuka cha shawa hiyo. Umesema una shawa ya tezi. Ianze hiyo kuikagua kabla ya nyingine zote.

Dereva_Malaba
Jumanne, saa 6:15 mchana

Wakubwa, kwa heshima zote, naona tunaliogopa bure jambo dogo. Hiyo ni kulanti tu, dawa ya kupozea injini, kama ya malori yetu, nayo nimewahi kuimeza kidogo nilipokuwa nikiinyonya kwa mpira na sikuugua. Mwageni, suuzeni mara moja, na kazi iendelee.

Fundi_Masese
Jumanne, saa 7:30 mchana

Ndugu yangu Dereva, nashukuru kwamba hukudhurika, lakini naomba mtu yeyote anayesoma hapa asiufuate ushauri huo. Kuna glaikoli mbili. Propilini glaikoli huruhusiwa hata kwenye vyakula kwa kiasi, na ndiyo inayotengenezewa dawa ya mabomba ya maji ya kunywa. Ethilini glaikoli, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kulanti nyingi za magari, ina ladha tamu inayowavutia watoto na mbwa, na ikimezwa hugeuka mwilini kuwa asidi zinazoharibu figo na zinazoweza kuua. Aliyeimeza hupelekwa hospitali mara moja hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu saa za mwanzo anaweza kuonekana kama mlevi tu.

Rangi haithibitishi chochote. Ni kweli kwamba dawa ya mabomba ya maji huwekwa rangi ya waridi, lakini zipo pia kulanti za magari zenye rangi hiyo hiyo, na hakuna sheria ya asili inayomkataza mtu mvivu kumimina ya gari ndani ya tangi la kunywa. Dada, mwombe muuzaji picha ya kopo au ya risiti, ambayo jina la glaikoli linasomeka. Mpaka picha hiyo ifike, yahesabu maji hayo kuwa sumu na uandike karatasi ya onyo juu ya kila koki.

Dereva_Malaba
Jumanne, saa 7:55 mchana

Nimeelewa, na ninaondoa ushauri wangu. Nina watoto wadogo nyumbani na dumu la kulanti liko sebuleni. Nakwenda kulihamisha sasa hivi.

Fundi_Masese
Jumanne, saa 3:05 usiku

Sasa nimepata nafasi ya kueleza sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote, nayo ni hita. Hita nyingi za boti hupashwa kwa njia mbili: kwa umeme, na kwa koili ya bomba iliyozungushwa ndani ya tangi lake, ambamo hupita kulanti ya moto kutoka kwenye injini. Kulanti hiyo ni ile yenye sumu. Ikiwa hita hiyo iliwahi kuachwa na maji katika majira yoyote ya baridi, barafu inaweza kuwa ilipasua koili hiyo au maungio yake, na kuanzia hapo sumu ya injini na maji ya kuoga havina ukuta kati yao. Hutaiona kwa macho. Utaijua kwa kuangalia kitangi kidogo cha kulanti kwenye injini. Pampu ya maji safi kwa kawaida huwa na presha kubwa kuliko mzunguko wa kulanti, kwa hiyo koili ikiwa na ufa, maji husukumwa kuingia kwenye kulanti na kitangi hicho hupanda na hata kufurika bila mtu kukiongeza, na pampu ikizimwa ukiwa umefungua koki, kulanti nayo hupata njia ya kurudi upande wa maji. Hita ikiwa imerudishwa kwenye mzunguko, weka alama kwa kalamu ya wino kwenye kitangi, washa pampu ya maji injini ikiwa baridi, acha usiku kucha, na usome alama asubuhi.

Kabla ya hapo, osha mfumo. Usiyamwage hayo ya waridi ziwani hata ukithibitisha ni propilini, kwa maana ikioza majini hula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na mwaloni wenu una wavuvi wengi. Yakinge kwenye madumu na uyapeleke mahali yanapopokelewa mafuta machafu. Jaza tangi maji ya bomba ya mjini, yapitishe kwenye kila koki mpaka yatoke meupe, mwaga, rudia mara mbili zaidi. Vuta na mpini wa choo. Vichujio vya mkaa vilivyo chini ya sinki vitoe na uvitupe, kwa sababu vimeshanyonya dawa.

Halafu pima presha. Funga koki zote, washa pampu mpaka ijizime yenyewe, kwa kawaida karibu na baa 3, kisha keti kimya ndani ya boti kwa nusu saa usikilize. Pampu ikijiwasha bila mtu kufungua koki, kuna mahali maji yanatoka, au vivalvu vya pampu yenyewe vimechoka. Pita na karatasi kavu ya chooni ukigusa kila kiungio, maana karatasi huonyesha tone ambalo kidole hakilihisi. Fanya hivyo mbao za ukuta zikiwa zimefunguliwa, hata kama inakuuma kuzifungua.

Nakiwogo_Abiria
Jumatano, saa 3:20 usiku

Fundi, Mungu akubariki. Fundi umeme nilimwelekeza kwenye taa peke yake. Tulipofungua kabati la hita tuliikuta kama ulivyosema, mipira miwili imeunganishwa pembeni na hita yenyewe ni tupu. Picha ya kopo pia imefika, na jina linalosomeka ni propilini glaikoli. Namshukuru mwenye boti wa zamani, kwa sababu naona alikuwa mtu mwangalifu.

Swali jipya limejitokeza. Ukaguzi na leseni ya kubeba abiria vinaweza kuchukua wiki kadhaa, na boti bado iko nchi kavu. Je, niiache dawa humo mpaka siku ya kuishusha majini, kwa kuwa sasa tunajua si sumu?

Fundi_Masese
Jumatano, saa 4:00 usiku

Usiiache, dada. Uholanzi dawa hiyo hukaa miezi ya baridi ikiwa imekolea, na baridi yenyewe huizuia isioze. Hapa Entebbe ni joto mwaka mzima, na mahali popote ilipochanganyika na maji yaliyobaki ikawa nyepesi, hugeuka chakula cha bakteria. Utakuta utelezi kwenye mipira na harufu ya kitu kilichochacha ambayo huchukua siku nyingi kuondoka. Osha sasa.

Na kwa kuwa iko nchi kavu, tumia nafasi hiyo kukagua valvu za chini, zile zinazopitisha maji ya ziwa kupitia tumbo la boti kwenda chooni na kwenye injini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kiungio kikipasuka jikoni kitakulowanishia godoro, lakini valvu ya chini ikipasuka itakuzamishia abiria. Valvu za kisasa zina mpira wa chuma wenye tundu katikati. Ukiufunga, maji kidogo hunaswa ndani ya tundu hilo na pembezoni mwake, na yakiganda hupasua gamba la valvu kwa ndani. Boti ikiwa nchi kavu majira ya baridi, valvu inapaswa kuachwa wazi au nusu wazi ili maji yatiririke. Ulizikuta za kwako zimefungwa au ziko wazi?

Nakiwogo_Abiria
Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Mbili zilikuwa wazi. Ya choo ilikuwa imefungwa.

Fundi_Masese
Alhamisi, saa 1:25 asubuhi

Basi hiyo ya choo isafishe kwa brashi ya waya, ukaushe, uimulike kwa tochi kutoka pembeni, na uchunguze gamba lote hasa karibu na nati. Ukiona mstari wowote, hata kama unadhani ni mkwaruzo, ibadilishe. Ndani ya kichujio cha maji ya injini angalia pia kopo lake la plastiki angavu, ambalo hupasuka mapema.

Nahodha_Kalangala
Alhamisi, saa 5:45 asubuhi

Nimefuatilia kwa makini kwa sababu nami nina oda ya boti ya mtumba inayokuja. Naomba kujua vipimo vya dawa ya kuua vijidudu baada ya kuosha, kwa kuwa maji yetu ya visiwani hatuyaamini.

Fundi_Masese
Alhamisi, saa 7:00 mchana

Mzee Nahodha, tunalenga miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Kwa Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye asilimia 3.5, hiyo ni karibu mililita 150 kwa kila lita 100, kwa hiyo tangi la dada la lita 120 litataka mililita 180. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kupima, kwa sababu zipo zenye nguvu zaidi. Ichanganye kwanza kwenye ndoo, imimine tangini, ipitishe kwenye kila koki mpaka uisikie harufu, funga, subiri saa 4, kisha mwaga na usuuze mpaka harufu iishe. Usiilaze humo siku nzima ikiwa tangi au hita ni ya alumini, kwa sababu klorini huila. Hita irudishwe kwenye mzunguko kabla ya kazi hii, ili nayo ioshwe, na umeme wake uwashwe tu baada ya koki ya maji moto kutoa maji mfululizo bila kukohoa hewa.

Nakiwogo_Abiria
Jumamosi, saa 12:40 jioni

Naleta matokeo. Tumekinga madumu matatu ya lita 20 na maji sasa yanatoka meupe. Katika kupima presha, pampu ilijiwasha baada ya dakika kumi na moja, na karatasi kavu ililowa nyuma ya shawa ya tezi, pale pale Fundi alipotuelekeza: kiungio cha plastiki kina ufa usiofika urefu wa ukucha. Tumekibadilisha kwa kingine tulichopata Kampala, na jana pampu ilikaa kimya usiku kucha. Alama ya kulanti kwenye kitangi cha injini haijasogea.

Valvu ya choo ina mstari chini ya nati. Kijana wangu aliniambia ni mkwaruzo, nami nilitamani sana awe amesema kweli, lakini tulipoijaza maji na kuiinamisha, tone lilitokea kwenye mstari huo tukiliangalia. Nimeagiza mpya, ya shaba, pamoja na mbili nyingine ili zote zibadilishwe kwa pamoja. Boti haitashuka majini mpaka zifike.